Mguu umekufa ganzi, na moyo nao

BARUA

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni muuguzi wa kiwango cha A1, yaani mwenye diploma ya juu ya uuguzi, hapa Goma, nina miaka 36 na watoto watatu, na huu ni mwaka wangu wa 12 kazini. Ninahudumu katika wodi ya upasuaji ya hospitali ambayo sitaitaja, kwa sababu ndiyo inayonilisha, na kwa sababu haya ninayokuandikia sidhani kama yanaihusu hiyo peke yake.

Tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, wodi yetu haijarudi kuwa kama ilivyokuwa. Siku zile majeruhi walilazwa hadi kwenye magodoro sakafuni, nasi tukapiga magoti kuwatia seramu ya mshipani. Baadaye idadi ilipungua, lakini waliobaki ni wale wazito kuwahudumia: wenye paja lililovunjika, wenye mguu uliofungwa kamba na uzito wa kuuvuta, wasioweza hata kujigeuza ubavu. Usiku tunakuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa zaidi ya 30.

Miezi mitano iliyopita, yapata saa tisa usiku, mgonjwa mmoja mwenye mwili mkubwa alikuwa ameteleza hadi nyayo zake zikagusa chuma cha mwisho wa kitanda. Mwenzangu alikuwa ameitwa kwenye chumba cha upasuaji. Nilipitisha mikono chini ya makwapa ya mgonjwa, nikamvuta, na hapo nikasikia chini ya kiuno kitu kama uzi unaokatika. Tangu usiku ule maumivu yanaanzia kwenye tako la kushoto, yanashuka nyuma ya paja, yanapita ubavu wa nje wa mguu, na kidole gumba kimekufa ganzi. Nikivaa kandambili sijui kama imevuka kidole au haijavuka, mpaka nitazame.

Sikumwambia mtu isipokuwa mwenzangu wa zamu. Mwenzangu wa zamu hunichoma sindano ya diklofenaki kabla hatujaanza, mara tatu kwa wiki, na tangu miezi miwili nimeongeza vidonge vya tramadoli ili niweze kulala mchana. Asubuhi ninapanda pikipiki, inaruka juu ya mawe ya volkano hadi nyumbani, na nikifika bidoni za maji zinanisubiri, kwa maana mtaani kwetu maji hayatoki kila siku. Kila bidoni ni ya lita 20, na watoto wangu bado ni wadogo.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu si mguu. Wiki tatu zilizopita msichana wa miaka 19 alikata roho mikononi mwangu, saa kumi na moja alfajiri. Nilimfumba macho, nikaandika saa kwenye karatasi yake, nikasogea kitanda cha pili kupima joto la mgonjwa mwingine. Mama yake alikuwa akilia nyuma yangu, nami nilikuwa ninahesabu sindano zilizobaki kabla ya kukabidhi zamu. Zamani ningemshika mama yule, pengine ningelia naye. Siku ile sikusikia kitu chochote. Kisha nikafika nyumbani, mwanangu wa mwisho akamwaga uji, nikampiga hadi mume wangu akanishika mkono.

Mkuu wa wauguzi nilipomdokezea kwamba nimechoka alinijibu kuwa kazi hii ni wito, na asiyeiweza awapishe wengine. Mama mkwe anasema mguu wangu umerogwa. Mume wangu anataka niache kabisa, lakini tutakula nini? Nakuuliza kama binti anavyomuuliza mama: je, nimekuwa mtu mwenye roho mbaya? Niache uuguzi? Na nikitaka kusema, nimwambie nani bila kuonekana mvivu?

Muuguzi wa Katoyi, Goma

JIBU

Binti yangu,

Pole sana. Pole ya mguu, pole ya msichana yule, na pole ya asubuhi ile ya uji.

Kabla ya maswali yako, nina langu, na nakuomba ulijibu peke yako leo hii. Unapoketi, unasikia kiti? Ikiwa sehemu ile ya mwili ambayo ingegusa tandiko la baiskeli, kati ya mapaja na kuzunguka njia ya haja, imeanza kufa ganzi. Ikiwa mkojo unagoma kutoka au unatoka bila wewe kujua. Ikiwa unyayo unaburuza sakafu unapotembea, au miguu yote miwili inalegea, basi usisubiri zamu iishe wala kesho ifike. Hiyo ni dharura ya siku ile ile, kwa sababu mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo inabanwa, na ikikaa hivyo kwa muda inaweza isirudi tena. Ulifundishwa haya shuleni, nami nilifundishwa, lakini nimeona wauguzi wengi wanaojua dalili za kila mtu isipokuwa za miili yao wenyewe.

Kama hakuna hata moja kati ya hizo, bado unapaswa kumwona daktari wiki hii. Maumivu yanayopita nje ya mguu hadi kidole gumba mara nyingi yanatoka kwenye mshipa unaobanwa karibu na gegedu iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, na wagonjwa wengi wa namna hiyo hupata nafuu katika wiki sita hadi kumi na mbili, hata bila kupasuliwa, mradi waendelee kutembea na kujinyoosha badala ya kulala kitandani siku nzima. Wewe umefikisha miezi mitano. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema kwa sababu mshipa wako haujawahi kupewa hata hizo wiki sita: kila usiku unaongezewa mzigo uleule uliouumiza, na sindano inakuzuia usisikie.

Kuhusu sindano nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Diklofenaki ya sindano imewekwa kwa siku mbili, si kwa miezi mitano. Unajua inavyokula utando wa tumbo, inavyoelemea figo, inavyopandisha shinikizo la damu. Kuna jambo moja tena ambalo huenda hujalifikiria: mtu anayekuchoma kwa haraka kwenye tako, mmesimama nyuma ya kabati la dawa, anachoma karibu na mshipa uleule unaokuuma, na sindano ikienda pasipo pake yenyewe inaweza kuuharibu. Tramadoli nayo ni ndugu wa mofini. Mwili huizoea, kisha huidai, na ikizidi inaweza kuleta kifafa. Kwa kuwa umeinywa miezi miwili, usiiache ghafla siku moja kwa hasira baada ya kusoma jibu langu. Mwambie daktari ukweli wote, vidonge vingapi na saa ngapi, ili akupunguzie hatua kwa hatua. Najua kuna aibu ya kumwambia daktari ambaye kesho mtakutana kwenye mzunguko wa asubuhi. Kama aibu hiyo ni kubwa, nenda kwenye hospitali nyingine, Goma si kijiji.

Sasa tuzungumze juu ya kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye kiini. Mkuu wako amekuambia habari ya wito. Mimi nitakuambia habari ya kilo. Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani, Thomas Waters, alipiga hesabu ya uzito ambao muuguzi mmoja anaweza kuubeba kwa mikono anapomhudumia mgonjwa, akafikia kilo 16 tu, tena katika hali nzuri, yaani mgonjwa asiyepapatika, mzigo ulio karibu na kifua, mgongo haujapinda. Mguu mmoja wa mtu mzima ni karibu sehemu moja ya sita ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 80 ni kilo 13 hivi, na ukiufunga plasta umekwisha kupita mpaka. Wewe hukuinua mguu, ulivuta mtu mzima, peke yako, kwenye kitanda kifupi, saa tisa usiku. Hakuna mgongo wa binadamu uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na hakuna namna ya kupinda magoti itakayoubadilisha ukweli huo. Hata utafiti uliofanywa juu ya mafunzo ya kuinua vizuri umeonyesha kwamba mafunzo peke yake hayapunguzi maumivu ya mgongo. Kinachopunguza ni watu kuongezeka na uzito kupungua. Kwa hiyo ondoa kwanza katika fikira zako lile neno uvivu.

Niliposoma mstari wako kuhusu kupiga magoti ili kutia seramu, niliiweka barua mezani nikakaa kimya. Mwaka 1994, mwezi wa saba, nilikuwa muuguzi kijana hapa hapa, wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda na kipindupindu kikaingia kambini. Katika mwezi ule wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Ardhi yetu ni mwamba wa volkano, hata choo na kaburi havikuchimbika kirahisi, na wagonjwa walilala juu ya mawe yale. Tulitambaa kutoka mtu hadi mtu tukitafuta mshipa wa mkono uliosinyaa, na jioni magoti yangu yalikuwa yamechubuka kama ya mtoto aliyeanguka njiani. Nilikuwa ninasikia vilio siku tatu za kwanza. Siku ya nne sikuvisikia tena. Niliificha siri hiyo karibu miaka kumi, nikiamini kwamba kitu fulani ndani yangu kilikufa na hakitafufuka.

Hakikufa. Ndiyo maana nataka uyatazame maneno yako mwenyewe, kwa sababu umeyatumia yale yale kwa mguu na kwa moyo. Mguu unaokufa ganzi haujafa. Mshipa wake umebanwa, na kubanwa kukiondolewa kwa wakati, hisia hurudi, mara nyingi zikitanguliwa na maumivu. Moyo wako nao umebanwa. Mtu mwenye roho mbaya hahesabu wiki tatu tangu msichana asiye ndugu yake afariki, wala hakumbuki saa.

Hali hii ina jina: kwa Kiingereza huitwa burnout. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiandika upya katika orodha yake ya magonjwa na matatizo ya afya, likaieleza kuwa ni uchovu wa kupindukia unaotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na likataja alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi hadi kuiona kama jambo lisilokuhusu, na kujiona huna tena unachokiweza. Angalia jambo hili kwa makini, binti yangu: shirika hilo liliweka wazi kwamba si ugonjwa wa mtu, ni jambo linalozaliwa na kazi. Maana yake ni kwamba tiba yake haiwezi kuwa wewe kuvumilia zaidi.

Hata hivyo, nisikudanganye kwamba kila kitu kitaisha ukipata mapumziko. Jipime kwa siku zako za kutokuwa kazini. Ikiwa siku hizo unacheka na watoto, chakula kina ladha, basi ni uchovu wa kazi. Ikiwa hata siku ya mapumziko kila kitu ni kijivu, unajilaumu kwa kila jambo, unaamka usiku wa manane moyo ukienda mbio na sura za majeruhi zikikurudia, au umewahi kufikiri kwamba ingekuwa afadhali usingekuwepo, hapo si uchovu tena, ni ugonjwa, na una matibabu kama malaria ilivyo na matibabu. Hapa Goma kipo kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Karita, Tulizo Letu, ambako anayeingia si lazima awe amerukwa na akili, ingawa najua watu mtaani wanavyosema. Na kama lile wazo la mwisho limekujia, usilale nalo hata usiku mmoja. Mwambie mume wako leo, aende nawe.

Mwanao naye. Mkalishe mapajani umwambie, kwa maneno ya mtoto, kwamba uji haukuwa kosa kubwa na kwamba mama alikuwa anaumwa. Watoto wanaelewa zaidi kuliko tunavyodhani.

Uliuliza umwambie nani. Usiende kwa mkuu wa wauguzi ukiwa peke yako wala ukiwa na machozi, kwa sababu machozi atayajibu kwa habari ya wito. Nenda na mwenzako wa zamu, na mwende na karatasi. Kwa wiki mbili andikeni katika daftari ni wagonjwa wangapi wasioweza kujigeuza. Tuseme ni kumi. Kila mmoja anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na zamu ni ya saa 12: hiyo ni mara 60 kwa usiku mmoja, kwa watu wawili. Mwekeeni hesabu hiyo mezani, halafu mwombe vitu anavyoweza kuvitoa, si vile asivyoweza. Vigogo vya mbao vilivyochongwa shimo katikati, vya kuwekwa chini ya miguu ya vitanda, vinakiinua kitanda hadi usawa wa nyonga yako, na fundi yeyote wa Birere anaweza kuvitengeneza kwa bei ndogo. Shuka lililokunjwa mara mbili, likiwekwa chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani, na chini yake mfuko mpana wa plastiki ngumu, humfanya ateleze badala ya kuinuliwa. Kamba imara kwenye chuma kilicho juu ya kitanda humwezesha mwenye mikono mizima kujivuta mwenyewe, na wengi wa majeruhi wako ni vijana wenye mikono yenye nguvu. Ndugu wa mgonjwa wanaolala chini ya kitanda wafundishwe kushika shuka na kuvuta pamoja nanyi kwa kuhesabu, isipokuwa kwa yule mwenye kamba na uzito, ambaye lazima aguswe na mtu anayejua. Na iwe sheria ya wodi kwamba hakuna anayemvuta mtu mzima peke yake. Mgonjwa aliyeteleza atangoja dakika kumi mwenzako arudi, naye hatakufa kwa hilo.

Ombeni pia dakika 20 za kufumba macho kwa zamu, kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati mwili unaposhuka chini kabisa. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na mapumziko kila wiki. Hesabu zako zimefika ngapi? Na kama mwajiri wako anakuchangia katika CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ajali iliyotokea kazini ni miongoni mwa mambo ambayo mfuko huo unayasimamia, kwa hiyo andika usiku ule leo, ingawa umechelewa: tarehe, saa, namba ya kitanda, ulichokuwa unafanya, na jina la mwenzako uliyemweleza aliporudi. Daktari akikupa karatasi ya kazi nyepesi, ipeleke ikiwa imepigwa muhuri na ubaki na nakala.

Nyumbani, bidoni. Lita 20 ni kilo 20, na sisi tumekwisha kusema 16. Asubuhi unapotoka zamu hutabeba hata moja. Afadhali mkate wa siku moja upungue ulipwe kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, azilete mlangoni. Ikilazimu, beba za lita tano, moja kila mkono. Mume wako ambaye anataka uache kazi, mwombe kwanza achukue maji. Mama mkwe mheshimu, mshukuru kwa sala zake, lakini mguu umpelekee daktari.

Kuhusu kuacha uuguzi, usiamue sasa. Mtu asiyelala na mwenye tramadoli mwilini hana mizani ya kupimia jambo kubwa namna hiyo. Jipe miezi mitatu ya matibabu na ya kazi nyepesi, kisha ujiulize. Pengine utataka kubaki upasuaji, pengine utaomba kliniki ya wajawazito, chanjo, au kufundisha wanafunzi wa uuguzi, ambao wanahitaji sana mwalimu atakayewaambia habari ya kilo 16 kabla ya mtu mwingine kuwaambia habari ya wito. Mimi niliondoka wodini nikiwa na miaka 41, nikaenda chanjo, na mwaka wa pili huko mtoto mmoja alilia kwa sindano nami machozi yakanitoka mbele ya akina mama wote. Nilifurahi mno siku ile.

Ukisha kumwona daktari niandikie alichosema kuhusu kidole gumba. Na fundi akivimaliza vigogo vya vitanda, nitumie vipimo vyake, kwa kuwa barua mbili nyingine mezani kwangu, moja kutoka Bukavu na moja kutoka Butembo, zimeandikwa na wauguzi wenye mgongo kama wako.

Mama yako wa safu hii